Mama Nesi wa Kwenye Bango

Kaka yangu ni mwoga. Nalisema mapema kwa sababu wateja wake wanamwita mtu makini, mtu wa uhakika, na wengine wanamtolea mfano kwa vijana wao. Mimi niliyelala naye chumba kimoja utoto wote najua kwamba ule si umakini bali ni woga mtupu, ila umevalishwa aproni ya kazi. Akifunga mlango wa nyumba yake asubuhi, anafika kwenye kona, anarudi, anakamata kitasa, anakitikisa, ndipo anaondoka. Wifi yangu alishachoka kumsubiri. Siku hizi anatangulia mbele na mkoba wake kama vile hawafahamiani.

Mtaa mzima unamwita Komeo. Jina hilo alilipata akiwa mdogo, baada ya wezi kuingia nyumbani kwetu. Sisi wengine tulilala fofofo. Yeye aliamka, akamwona mtu mzima amebeba redio ya baba, anamruka pale alipolala chini kwenye mkeka. Yule mtu akamtazama, akaweka kidole mdomoni, na kaka akanyamaza. Tangu siku hiyo, jua likianza kuzama tu, anakwenda kutia komeo mlangoni, na atakayetaka kutoka tena lazima ajieleze. Baba alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Kaka alipokua akajifunza ufundi wa vitasa na kufuli, na sijui kazi nyingine ambayo ingemfaa. Mtu anayeogopa milango usiku na mchana, basi na alipwe kwa hilo.

Duka lake liko ubavuni mwa saluni yangu. Kati yetu kuna ukuta wa mbao nyembamba, kwa hiyo tunasikilizana kila kitu: mimi naisikia mashine yake ya kuchonga funguo ikilia kama mtoto anayeota meno, na yeye anayasikia yote wanayosema wanawake wakiwa mikononi mwangu. Nimemwonya mara nyingi kwamba yale ni mambo ya watu. Anasema yeye hasikii. Anasikia.

Biashara yake ilikuwa imedorora. Kulifunguliwa duka kubwa la vifaa vya ujenzi, na humo kitasa unachukua rafuni kama unavyochukua sabuni, unakwenda nacho nyumbani, mume anakipachika mwenyewe, kinakaa upande. Komeo alishinda ameketi na kitambaa chake akisugua funguo ambazo hakuna aliyeziagiza. Ndipo binti yake mkubwa, aliyekuwa anasomea mambo ya biashara, akaja na maarifa.

"Baba, ukisema wewe kwamba kazi yako ni nzuri, nani atakuamini? Kila fundi anasema hivyo. Mwache aliyeridhika aseme."

"Aseme wapi?"

"Kwenye simu. Kwenye bango pale nje. Tunampiga picha mteja, anacheka, tunaandika maneno yake mwenyewe. Basi."

Nilijua atakataa, na alikataa. Picha ya mteja? Watu waone nani kaweka kitasa kipya, wajue ana kitu cha kufungia? Walibishana na binti yake siku kadhaa, mimi nikiwa upande wangu wa ukuta nasikiliza kwa raha zangu. Mwisho baba mtu alikubali kwa masharti. Jina la mteja lisitajwe. Mtaa usitajwe. Namba ya nyumba isionekane mlangoni, na kama ipo ifunikwe kwa mkono. Mteja aombwe ruhusa mara mbili, siku mbili tofauti. Alijiona amefunga kila tundu, na kusema kweli hata mimi nilimwona amepitiliza.

Basi wakaanza. Kila kitasa kilipokwisha kufungwa, mteja alisimamishwa mbele ya mlango wake, akapewa ufunguo mpya aushike juu uonekane, akaambiwa acheke. Wengine walicheka vizuri, wengine walicheka kama waliobanwa na kiatu. Binti aliziweka picha kwenye simu, na iliyopendeza kuliko zote wakaichapisha kwenye bango kubwa, wakalitundika mbele ya duka, upande unaotazama mlango wa saluni yangu.

Kwenye bango alikuwa Mama Nesi. Huyu hakuhitaji kutajwa jina. Alikuwa muuguzi mpaka alipostaafu, na nusu ya watu wanaopita barabara ile waliguswa na mikono yake kabla ya mikono ya mama zao. Mumewe alifariki zamani, anaishi peke yake kwenye nyumba ndogo yenye kibaraza, na siku za kliniki ya watoto bado anakwenda kusaidia kupima uzito, kwa sababu anasema akikaa nyumbani anaota kutu. Picha yake ilikuwa imetoka vizuri mno. Alikuwa ameulaza ufunguo shavuni kwa utani, kama anayembusu mtoto, na chini yake pameandikwa maneno yake mwenyewe: "Siku za kliniki natoka asubuhi, narudi jioni, na sina wasiwasi hata chembe!"

Wateja walikuja, jamani. Walikuja wakisema, "Nataka kitasa cha Mama Nesi," kana kwamba ni yeye aliyekitengeneza. Mzee mmoja muuza mkaa alifika na picha yake mwenyewe tayari, amevaa koti, akauliza kama mtu akileta picha kutoka nyumbani anapunguziwa. Mashine ililia kutwa nzima upande wa pili wa ukuta na mimi nikalalamika kwa sababu ndiyo kazi ya mdogo mtu, lakini moyoni nilifurahi. Sikuwa nimemwona kaka yangu anatembea kifua mbele tangu alipooa.

Halafu akaja yule mama wa ufunguo wa chooni. Ufunguo wake ulikuwa umemponyoka na kutumbukia shimoni, na mumewe, dereva wa malori, yuko safarini na wa kwake. Alikuwa amekwama nje na watoto. Komeo akamwambia ampigie mumewe, amwambie aulaze ufunguo juu ya kitu cheupe, aupige picha vizuri, aitume. Picha ikafika. Kaka akaikuza kwenye simu, akaitazama sana, akachukua tupa yake na ufunguo mtupu usio na meno, akachonga kwa mkono, taratibu, huku akipima kwa jicho. Akaongozana na yule mama mpaka nyumbani. Mlango ukafunguka mara ya kwanza.

Alirudi akiwa na furaha ambayo hakuweza kuibeba peke yake. Aliingia saluni kwangu bila hodi, mimi nikiwa nasuka kichwa cha mtu.

"Dada, leo nimefanya kazi. Nimechonga ufunguo bila kuushika. Picha tu! Umesikia? Nimeyatazama meno yake kwenye simu, hili fupi, hili refu, nikachonga, ukaingia kama..."

Akanyamaza. Nilidhani anatafuta neno. Nikamtazama, nikamwona mkono wake bado uko hewani, na macho yake yamenipita mimi, yamempita mteja wangu, yametoka nje ya mlango. Alikuwa anatazama bango.

"Ukaingia kama nini?" nikamwuliza.

"La tatu limekatwa chini kuliko yote," akasema.

"Jino gani? La nani?"

Aliendelea kusoma polepole, kwa sauti ndogo, kama mtoto anayejifunza herufi. "Juu. Juu. Chini kabisa. Katikati. Juu." Nami nikageuka nikatazama alipokuwa anatazama. Ule ufunguo uliolala shavuni mwa Mama Nesi ulikuwa umechapishwa mrefu kuliko mkono wangu, na kila jino lake lilikuwa wazi, linang'aa, hata mtoto angeweza kulihesabu. Mteja wangu aliniuliza kuna nini, nikamwambia hamna kitu, geuza kichwa.

Kaka alitoka nje, akapanda kwenye kiti, akaling'oa lile bango kwa mikono, kamba na vyote, mchana kweupe, wapita njia wakitazama. Muuza magazeti wa ng'ambo ya barabara alimpigia kelele akimuuliza kama ameshafilisika. Yeye alilikunja, akaliburuta ndani, akalisukuma nyuma ya mashine, kisha akampigia binti yake aziondoe picha zote kwenye simu, zote, sasa hivi, na asimuulize kwa nini. Halafu akaketi chini na kushika kichwa.

"Limekaa nje muda wote huo," akaniambia nilipomfuata. "Mvua na jua. Anayepita anaona. Fundi yeyote. Hata asiye fundi, akiwa na simu tu akampelekea fundi asiyeuliza maswali. Nimewafungia watu milango, halafu nikawatundikia funguo zao barabarani."

"Waambie," nikasema.

"Nikiwaambia nimekwisha."

"Na wakiibiwa?"

"Usiseme hivyo! Usilitamke!"

Ndivyo alivyo. Kwake jambo lililotamkwa tayari limeanza kutokea. Akatunga uongo, na ulikuwa uongo mzuri, sitamnyima sifa. Alipita kwa wale waliopigwa picha, mmoja mmoja, akiwaambia kuna huduma ya bure kwa wateja wa heshima, anakuja kusafisha kitasa na kubadilisha silinda, ule moyo wa kitasa ambamo ufunguo unaingia. Watu walifurahi. Walimpa chai. Kila alipomaliza nyumba moja alirudi na rangi kidogo usoni, na kila jioni nilimuuliza swali lile lile.

"Kwa Mama Nesi umekwenda?"

"Kesho."

Kesho ikifika, ana kazi nyingi. Kesho nyingine, silinda za aina ile zimeisha. Kesho nyingine, amesikia mama ana mafua, asimsumbue. Alikuwa anamwogopa yule kuliko wote, kwa sababu picha yake ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote na macho yake mama yule yanajua kumsoma mtu. Hasira zilinipanda. Nikampa vidonge vyake, nikamwambia kwamba anayemwogopa si mwizi tena, anamwogopa bibi kizee. Akaniambia nirudi kwenye nywele zangu.

Kisha siku moja Mama Nesi akaja mwenyewe, lakini kwangu.

Aliketi kwenye kiti, akavua kilemba. Ana nywele nzuri, nyingi, nyeupe zote, na siku zote anataka nimsuke mistari ya kwenda nyuma. Nikachukua kitana.

"Leo kata," akasema.

"Nikate kiasi gani, mama?"

"Zote. Ziwe chini kabisa. Nahamia kwa mwanangu, na sitaki mke wake apate tabu ya kunichana."

Nilidhani ni mzaha. Nikamwambia kwamba bado ana mikono, kwa nini achanwe na mtu? Akanitazama kwenye kioo. Sijawahi kumwona mama yule anaogopa. Ni mtu aliyekuwa akiitwa pale ambapo wengine wanakimbia. Lakini kwenye kioo changu siku ile niliona mtu ambaye roho iko juu.

"Kichwa changu kimeanza kuniacha," akasema.

Akanieleza, kwa sauti ya kawaida ya muuguzi anayesoma hali ya mgonjwa. Anaweka mkate kabatini, akirudi hakuna mkate, na hakumbuki kuula. Anatandika kitanda kikanyooka, akirudi anakuta kimekaliwa, mto una shimo la kichwa. Saa ya marehemu mumewe haipo, naye ameitafuta mpaka ndani ya debe la unga. Redio anaikuta imewekwa stesheni asiyoipenda. Na mara mbili, akirudi nyumbani, ameukuta mlango haujafungwa kwa ufunguo, na alikuwa na hakika, hakika kabisa, kwamba aliufunga.

"Mama yangu alianza hivi hivi," akasema. "Mlango, mkate, vitu kupotea. Mwisho akawa ananiuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilimuosha na kumlisha, naye akinishukuru kama mgeni. Mimi naijua njia hii, mwanangu. Najua kila kituo chake. Usiku nalala najitajia majina ya watoto wangu, nikiogopa kwamba nitaamka mmoja hayupo."

Mkasi ulikuwa mkononi mwangu na sikuweza kuufunga.

"Haya mambo, mama... yanakutokea siku zote?"

"Siku za kliniki. Nikitoka nimechoka, naona ndiyo sababu."

Ukuta wa mbao ulikuwa kimya. Mashine ya Komeo, iliyokuwa ikilia tangu asubuhi, ilikuwa imenyamaza, nami sikujua imenyamaza tangu lini. Nilimkata nywele. Ningefanya nini? Nilimkata taratibu, nikamfuta shingo, akajishika kichwa akasema amekuwa kama mtoto mchanga, akacheka kidogo, akaondoka akiwahi kufunga mizigo. Mwanawe alikuwa ameshafika kumchukua.

Alipokunja kona tu nilipita upande wa pili. Kaka alikuwa amesimama na mfuko wake wa kazi begani, amelowa jasho.

"Inawezekana anasahau kweli," akasema.

"Inawezekana."

"Wazee husahau."

"Husahau."

"Dada, twende wote. Peke yangu sifiki."

Njia nzima mimi ndiye niliyekuwa naongea, kwa sababu nikiogopa naongea. Kila mwanamume tuliyepishana naye nilimtazama usoni na kujiuliza kama ndiye. Yule mwenye baiskeli? Yule aliyetusalimia vizuri mno? Mtaa ule ule niliokulia, siku ile niliuona kama si wetu. Nikashika mkono wa kaka yangu, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu tukiwa watoto wa shule.

Nyumba ya Mama Nesi ilikuwa imejaa maboksi. Lakini nilichokiona kwanza ni vikaratasi. Vilibandikwa kila mahali, kwa mwandiko wake ulionyooka: kwenye jiko, ZIMA. Kwenye kabati, SUKARI IKO HUMU. Nyuma ya mlango wa mbele, kwa herufi kubwa, UMEFUNGA? RUDI UTAZAME. Mwanawe alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mpole, amechoka kwa safari. Alikuwa anamwongoza mama yake kwa kiwiko, anamwambia, "Kaa, Mama, usijisumbue. Hiyo nitaibeba mimi. Kaa hapo." Na yule mama, aliyekuwa anaamrisha madaktari, akakaa.

Kaka akaanza wimbo wake wa huduma ya bure. Mwana akamkatiza kwa upole.

"Ndugu yangu, nyumba tunaifunga. Kitasa kipya cha nini tena?"

"Natazama tu. Dakika mbili."

Akapiga magoti mlangoni. Akafungua skrubu, akaitoa silinda, akatandaza kitambaa cheupe kwenye sakafu na kuigonga juu yake. Ukadondoka unga kidogo wa njano unaometameta. Ungeweza kudhani ni vumbi. Kaka aliutazama kama mtu anayetazama nyoka.

"Mama, naomba ufunguo wako."

Akampa. Ulikuwa laini, kingo zote zimesuguliwa, kwa sababu kaka hatoi ufunguo dukani bila kuusugua mpaka uteleze. Mwana naye akatoa wa akiba aliokuwa nao. Ulikuwa laini vile vile. Niliufahamu ule unga hata kabla hajanigeukia, maana sakafu ya duka lake imejaa unga huo. Unatoka kwenye ufunguo uliochongwa karibuni, kwa haraka, na mtu ambaye hakujali kuusugua. Ulikuwa umeingia kwenye kitasa hicho ufunguo wa tatu.

Kaka akanitazama, nami nikajua anachokifikiri kama vile amekisema. Angeweza kukunja kile kitambaa. Angefunga silinda mpya, akasema kwaheri, akawatakia safari njema. Mama angeondoka, nyumba ingefungwa, mwizi angekuta mlango haufunguki, na hakuna ambaye angejua kamwe. Duka lingebaki. Jina lingebaki. Mama Nesi angekwenda kukaa kwenye kiti cha watu, akitajiwa majina ya wajukuu zake, akiwaza kila siku amefika kituo gani. Nilitaka kusema mimi. Sijui kwa nini sikusema. Nadhani nilitaka aseme yeye.

Mama Nesi alikuwa ameinuka. Akaja, akamwinamia, akamwekea mgongo wa kiganja kwenye paji la uso.

"Mbona unatetemeka hivyo, mwanangu? Una homa?"

Hapo kaka yangu akavunjika.

"Mama, kuna mtu amekuwa anaingia humu ndani."

Akaeleza yote, akiwa bado amepiga magoti, bila kujipunguzia hata kidogo: bango, meno ya ufunguo, maneno ya siku za kliniki, uongo wa huduma ya bure, zile kesho zake zote. Aliwaonyesha ule unga kwenye kitambaa. Mwana alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamkamata ukosi wa shati, akamnyanyua, akamgonga mlangoni. "Mama yangu analala humu peke yake! Mama yangu! Unajua angekutwa ndani ingekuwaje?" Kaka hakujitetea. Alisema tu, "Najua. Najua." Na kweli alijua, alikuwa ameshayaona yote kichwani mwake kwa mamia ya namna. Mimi nilikuwa nawatenganisha huku nalia. Yule aliyekuwa anaingia hakupatikana, na mpaka leo hatujui ni nani. Kuna nyuso mtaani ambazo bado nazitazama mara mbili.

"Mwache," Mama Nesi akasema.

Mwana akamwachia. Mama alikuwa amesimama katikati ya maboksi, mkono kifuani, na kile kichwa chake kilichokatwa kilimfanya aonekane mdogo sana. Niliogopa kwamba ataanguka. Nikamsogezea kiti, akakisukuma.

"Mkate," akasema.

"Ndiyo, mama," kaka akajibu.

"Kitanda?"

"Ndiyo."

"Redio. Saa ya baba yenu." Sauti ilikuwa inapanda. "Na mlango? Ule mlango niliufunga?"

"Uliufunga, mama. Kila siku uliufunga."

"Kwa hiyo ni mwizi."

"Ni mwizi."

"Mwizi mtu? Mwizi mwenye miguu yake miwili?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

Akatoa sauti ambayo sikujua kama ni kilio au kicheko, na nadhani hata yeye hakujua. Machozi yalimtoka, akayaacha yatiririke. Akamgeukia mwanawe, akamtajia majina ya watoto wake wote kwa mpangilio, kisha wajukuu, kisha akarudia kwa kuanzia mwisho, haraka, bila kukwama hata mmoja, na lile jitu kubwa likaketi juu ya boksi na kuficha uso. "Mizigo yangu ifungue," akamwambia. "Yote."

"Mama, sasa ndiyo hufai kubaki hapa! Mtu anaingia, hatumjui, anaweza kurudi..."

"Na arudi."

Akamwendea kaka yangu. Nilidhani atampiga kofi, na ningemruhusu. Alimshika mikono yote miwili, ile mikono yenye unga wa shaba, akaibana kifuani pake.

"Mwizi nitamfungia mlango," akasema. "Kichwa changu ningekifungia kwa kitasa gani?"

Kaka alipiga magoti tena, akaanza kupachika silinda mpya, na mimi nikaketi sakafuni nikimshikia skrubu moja moja.